Kabla ya sabuni ya unga: mkunazi, jivu na nazi

Siku hizi kila upande pana mtu anayefundisha kutengeneza sabuni ya kufulia nyumbani. Kuna ya kipande kilichokwaruzwa na kuchanganywa na magadi, kuna ya mafuta ya nazi, kuna ya majani. Zote huitwa za asili, na bi harusi anaambiwa achague yoyote. Sisi hatukubaliani na hilo. Kila moja ina asili yake, na ukiijua asili hiyo utajua ipi inaifaa kanga, ipi kanzu nyeupe ya bwana, na ipi itakuchubua mikono.

Tuanze Madina. Umm Qays bint Mihsan, Mwenyezi Mungu amridhie, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya damu ya hedhi iliyoingia kwenye nguo. Kama walivyopokea Abu Daud na Nasai, aliambiwa aikwangue kwa kijiti kisha aifue kwa maji na sidri. Tunaipenda hadithi hii kwa sababu ya swali lenyewe: mwanamke hakuona haya kuuliza jambo la beseni lake, na jibu likaja la kazi, limenyooka.

Sidri ni jamii moja na mkunazi, ambao sisi tunaujua zaidi kwa maji ya kuoshea maiti. Majani yake yakikaushwa, yakatwangwa na kupigwa majini, hutoa povu. Ndani yake mna saponini, kitu kile kile kinacholifanya tunda la rita la Wahindi litoe povu. Povu la mkunazi ni jepesi, mafuta ya samli hayatoki kwalo. Lakini halina ukali wa kula uzi wala kuichosha rangi, na kwa mtandio wa hariri sisi tungeanza nalo kabla ya kitu kingine chochote.

Sabuni yenyewe ni jambo tofauti. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kitu kikali, na kwa karne nyingi ukali huo ulitoka kwenye jivu. Mrumi Plinius, katika karne ya kwanza, aliandika juu ya kitu cha watu wa Gaul kiitwacho sapo, shahamu ya wanyama na jivu, na wao walikitumia kwa nywele! Neno hilo ni ndugu wa sabun la Kiarabu, tulikolitoa sisi. Katika nchi za Waislamu waliokuja kusifika ni mafundi wa Aleppo na Nablus. Nablus walipika mafuta ya zeituni kwa chokaa na jivu la mimea ya chumvichumvi, ambalo Mabedui walilileta kutoka ng'ambo ya mto Jordan. Chokaa ilikuwa ya kulizidishia jivu ukali. Huko sabuni hupikwa majumbani pia, wanawake na wanaume, baada ya mavuno ya zeituni, na Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa Nablus katika orodha ya urithi wa binadamu.

Marseille, Ufaransa, nao walijenga jina lao kwa zeituni. Amri ya mfalme ya 1688 iliwakataza kuchanganya shahamu. Lakini katika karne ya 19 viwanda vilikua na zeituni hazikutosha, wakatafuta mafuta mengine, na hapo ndipo sisi tunapoingia. Wafanyabiashara wa Kifaransa walikuja Zanzibar na mwambao kununua ufuta na mbata, vikapakiwa merikebuni kwenda kukamuliwa na kupikwa sabuni. Fikirini: nazi iliyoangushwa huku ikimfulia mtu shuka Ulaya, na sisi tukinunua sabuni ya Ulaya dukani.

Mfaransa hakuifuata nazi kwa rangi yake. Sabuni ya nazi ni ngumu, nyeupe, na hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, ndiyo maana mabaharia waliipenda. Kwetu hilo ni jambo kubwa. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chokaa. Sabuni ya kawaida ikikutana na chokaa hufanya utando wa kijivu, povu halipandi, na utando huo huganda kwenye nguo. Ukiona kanga mpya imekakamaa na kufifia baada ya kufuliwa mara chache, mara nyingi ni utando huo, wala si ubaya wa kanga.

Ule mchanganyiko wa kipande kilichokwaruzwa na magadi una faida moja ya kweli: magadi hukamata chokaa kwanza, sabuni ikabaki huru kufanya kazi. Ni jambo la zamani pia, na soda ya Ziwa Magadi, Kenya, imekuwa ikichimbwa na kampuni tangu 1911. Kwa kanzu nyeupe na taulo ni mazuri. Kwa hariri na sufi ni adui, na kanga za rangi kali zitachoka. Na sabuni ya unga ya dukani haikushinda kwa matangazo peke yake. Zile za kemikali, kama Tide ya Marekani iliyotoka 1946, hazifanyi utando kwenye maji ya chokaa. Tuseme ukweli huo hata kama tunapenda vya nyumbani.

Anayetaka kupika ya nazi ajue hesabu. Kilo moja ya mafuta ya nazi hutaka gramu kama 180 za kostiki soda, ya zeituni kama 135, kwa hiyo usichukue kipimo cha mwenzako wa Nablus. Kostiki hutiwa ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, yataruka usoni. Sufuria ya alumini italiwa. Watoto wawe mbali, na vipande vikae kama wiki nne kabla ya kufulia.

Limebaki la twahara, ambalo mabiharusi huuliza sana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi visiwani, sabuni huondoa uchafu lakini kinachoondoa najisi ni maji matupu yaliyo safi. Basi nguo yenye najisi isuuzwe kwa maji yasiyo na povu. Na kuhusu mafuta ya nguruwe, Mahanafi wanaona mafuta najisi yakishageuka sabuni yametoharika, Mashafi hawakubali. Ndiyo maana kabla ya kununua mche tunamuuliza muuzaji umepikwa kwa mafuta gani, na ukiwa wa nazi tunachukua miwili.