Chanjo za watoto na menenjite: kila chanjo ina kidudu chake

Mwaka 2021 menenjite iliingia katika eneo la Banalia, jimbo la Tshopo, kaskazini mwa Kisangani. Mlipuko ulitangazwa mwezi wa Septemba. Kabla mwaka haujaisha, walioshukiwa kuugua walikuwa wamepita 2,600 na waliokufa wamepita 200. Tangu hapo wazazi huniuliza: "Pasta, watoto wetu tuliwachanja wote. Mbona ugonjwa huu bado unaua?"

Swali ni la haki. Jibu lake linaanza na jina lenyewe. Menenjite, au homa ya uti wa mgongo, ni kuvimba kwa ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Vidudu vinavyoileta ni vingi, lakini vitatu ndivyo vimeua watoto wengi zaidi: Hib, nimokoki na meningokoki. Vyote hukaa puani na kooni, hata kwa mtu mzima asiyeumwa popote, na hupita kwa mate na kikohozi. Kila kimoja kina chanjo yake, na chanjo ya kimoja haimzuii mwenzake.

Habari njema kuliko zote ni ya Hib. Magharibi mwa Gambia, miaka ya 1990 hadi 1993, kila mwaka watoto zaidi ya 200 kati ya 100,000 walio chini ya mwaka mmoja walipata menenjite ya kidudu hiki. Chanjo ilianza kutolewa kwa wote mwaka 1997. Mwaka 2002 hakuonekana mgonjwa hata mmoja. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, chanjo ilianza 2001, na ndani ya miaka michache ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto chini ya miaka 5 ulipungua karibu mara tisa. Tena, waliopona si waliochomwa sindano peke yao. Mtoto aliyechanjwa habebi kidudu kooni kwa urahisi, basi hamwambukizi mdogo wake wa wiki tatu ambaye bado hajafikia umri wa chanjo.

Kwetu Congo chanjo ya Hib imo ndani ya pentavalente tangu 2009, na ya nimokoki ilianza 2011. Zote mbili hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Nimokoki ni kigumu zaidi: kina aina zaidi ya 90, na chanjo tuliyoanza nayo inabeba 13 tu, zile zenye kudhuru zaidi.

Kidudu cha tatu, meningokoki, hakimo katika sindano hizo za wiki ya 6 hadi ya 14. Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Nacho kina makundi yake. Kundi A ndilo lililoangusha nchi za ukanda wa menenjite, kutoka Senegal hadi Ethiopia, miaka ya 1996 na 1997: wagonjwa zaidi ya 250,000, vifo 25,000. Ukanda huo unagusa kaskazini mwa nchi yetu. Mwaka 2010 chanjo ya MenAfriVac ilianza Burkina Faso, Mali na Niger, ikafika kwetu kaskazini mwaka 2016. Tangu 2017 kundi A halijathibitishwa tena katika ukanda. Lakini Banalia ilipigwa na kundi W, ambalo MenAfriVac haikutengenezwa kulizuia. Ilibidi iletwe chanjo nyingine, ya makundi A, C, W na Y.

Kwa hiyo chanjo za watoto wa Banalia hazikudanganya mtu. Mzazi anayeacha dozi ya pili na ya tatu kwa sababu ya mlipuko ule anamfungulia Hib na nimokoki mlango. Na mama aliyekimbia vita, fishi ya mtoto ikabaki nyumbani, asiogope kurudi siku ya kupima kilo: hesabu ya dozi haianzi upya, inaendelea ilipokatika.

Mtoto mwenye homa na shingo ngumu, au mchanga anayekataa ziwa na utosi umevimba, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama amechanjwa. Mgonjwa mmoja kati ya sita hufa, na mmoja kati ya watano hubaki na ulemavu, mara nyingi uziwi. Muuguzi akiomba kutoa maji ya mgongo kwa sindano, wazazi wakubali. Bila maji hayo haijulikani ni kidudu gani, wala ni chanjo gani iitwe.