Msichana wa Pichani na Mtumishi wa Hatini

Chama cha wasomaji kijadilipo riwaya ya Tracy Chevalier, Girl with a Pearl Earring, iliyotolewa mwaka 1999, swali moja halikosi kuzuka: msichana wa pichani alikuwa nani? Riwaya yamwita Griet, mtumishi katika nyumba ya mchoraji Johannes Vermeer mjini Delft, Uholanzi. Historia haina jina la kumpa. Picha ilichorwa yapata mwaka 1665, wala hakuna barua ya Vermeer iliyosalia kueleza nani aliketi mbele yake. Hata thamani yake ilisahauliwa: mwaka 1881 iliuzwa mnadani kwa fedha ya Kiholanzi, gulden 2 na senti 30.

Mtumishi mmoja wa nyumba ile ajulikana kweli, Tanneke Everpoel. Mwaka 1666 alitoa ushahidi juu ya ukatili aliotendewa mke wa Vermeer na kaka yake. Basi aliingia katika hati kwa ugomvi wa mabwana zake, si kwa maisha yake mwenyewe. Pengo hilo ndilo riwaya ilijazalo. Msomaji na amshukuru mtunzi kwa kumpa mnyonge sauti, lakini asimhesabu Griet miongoni mwa mashahidi.