Steringi Hafi: Spider-Man Alipofika Ngombezi

Wasomaji wangu mnisamehe, leo sina kitabu kipya cha kuhakiki. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Ngombezi, Korogwe, na kwenye sanduku la bati la mama nikakuta daftari langu la darasa la sita. Mbele kuna hesabu za sehemu na desimali, nyingi nimekosa. Nyuma, nilikoligeuza daftari kichwa chini ili mwalimu asistukie, kuna hadithi ya kurasa kumi na moja ya Spider-Man akiruka juu ya mashamba ya mkonge.

Spider-Man huyo haishi New York. Anaishi kambini, kwenye zile nyumba za mstari zilizojengewa manamba, na asubuhi anapanga foleni ya maji kama watu wengine. Tulikuwa na tatizo moja kubwa la kiufundi: Ngombezi hakuna maghorofa, sasa utando wake atarushia wapi? Tukaamua atumie milingoti ya mkonge. Mliokulia Tanga mnaijua, ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mkonge uliozeeka, juu una maua. Anashika huu, anarukia ule. Nasema "tukaamua" kwa sababu tulikuwa wawili. Mimi niliandika, rafiki yangu wa jirani alichora.

Filamu yenyewe ilitoka Marekani mwaka 2002 na sisi tuliiona mwaka uliofuata, kwenye kibanda cha video mjini Korogwe, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta linanguruma nje. Nyakati zile mikanda mingi ilizunguka ikiwa imeshatiwa Kiswahili na watu kama Lufufu wa Dar es Salaam. Kusema Lufufu alitafsiri ni kumpunja. Alisimulia, alieleza yaliyo nje ya picha, alimsema mhusika anayefanya ujinga. Ukitoka pale unajua kwamba hadithi ya Mzungu si lazima uipokee ilivyo. Unaweza kuiingilia katikati ukaongeza lako, na watu wakalipa kiingilio kuja kukusikiliza.

Pia tulitoka na sheria moja ambayo kila mtoto wa kibanda cha video aliijua: steringi hafi. Adui anaweza kumpiga, kumfunga, hata kumtupa mtoni, lakini mwisho wa mkanda steringi anasimama. Na anafika kwa wakati. Hachelewi.

Mwaka huohuo baba wa rafiki yangu alipata ajali kazini. Alikuwa anafanya kazi kwenye korona ya shamba moja, si la kwetu, na jina lake naliacha. Korona, kwa mnaosoma mkiwa mbali, ni mashine inayoponda majani ya mkonge na kubakiza singa. Ilimchukua mkono wa kulia mpaka kiwiko. Hadithi yetu tuliianza wiki mbili baada ya hapo. Siku hizi nikiulizwa kwenye makongamano ni nini kilinisukuma kuandika, nataja vitabu. Ukweli ni ile korona.

Toleo la kwanza liko ukurasa wa nne. Spider-Man anasikia ukelele, anavuka milingoti, anaifunga mashine kwa utando, mzee anatoka salama. Niliona nimeandika kitu kizuri sana. Nikampa rafiki yangu achore. Alisoma, akakaa kimya, halafu akasema: "Kama alifika, mbona baba hana mkono?"

Alikataa kuchora.

Niliacha kusimulia habari hii kwa miaka mingi, sababu mojawapo ni mwalimu wangu mmoja wa sekondari. Nilimwonyesha hadithi nyingine ya namna hiyo, akasema kumwandikia shujaa aliyebuniwa na mtu mwingine ni kuiga, na anayeiga hana cha kwake. Nilimwamini mpaka nilipofika chuo kikuu na kuanza kusoma historia ya fasihi yetu wenyewe. Nikakuta karibu kila ninayempenda alianza kwa ushabiki.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Bwana Msa wake anavuta kiko, anaona asichoona askari, na pembeni ana Najum wa kumshangaa. Aliyemsoma Sherlock Holmes hahitaji kuelezwa. Lakini Bwana Msa yule anatembea kwenye vichochoro na mashamba ya Unguja, mtuhumiwa anatumia mzimu kama kificho, na fumbo linafumbuliwa kwa kujua nani ni mtoto wa nani. Ile si London tena. Shaaban Robert, ambaye hapa Tanga tunamwita wetu bila aibu, alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela na kukifanya Adili na Nduguze. Hakuna aliyemwita mwigaji, angalau si mbele yangu.

Kisha kuna kizazi cha wajomba zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walisoma jarida la picha la African Film, lenye Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia na sigara, aliyetengenezwa na kampuni ileile ya jarida la Drum. Alikuwa James Bond aliyefanana na wao. Faraji Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo ya 1965, naye akatoa jarida la picha la hapahapa, Film Tanzania. Baadaye Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba: Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, Njama. Gamba anapenda magari na wanawake kama Bond, sawa, lakini adui zake ni Makaburu na mawakala wao, na anayempa kazi si malkia wa Uingereza. Musiba alichukua gari la mtu akabadilisha dereva na safari. Mimi naona kazi kubwa iko hapo, kwenye safari.

Haya yote ni ya mjini, ya wenye mashine za kupigia chapa. Huku kwetu kuna jambo la zamani zaidi, na ndilo lililonifanya nilisome lile daftari upya.

Korogwe imekaa mahali ambapo mto Ruvu, ambao ramani zinauita Pangani, unapita kati ya nchi mbili za hadithi. Ng'ambo ya kusini ni Handeni na milima ya Nguu. Kaskazini ni Usambara. Mtu akitoka Nguu kwenda Usambara lazima auvuke mto huu mahali fulani, na aliyeuvuka kwa sifa kuliko wote ni Mbegha. Abdallah bin Hemedi, mtu aliyemjua kwa karibu mtawala Semboja wa Mazinde, aliandika masimulizi yake kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, yakapigwa chapa na misheni ya Magila zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mbegha alikuwa kigego, meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwa desturi ile mtoto wa namna hiyo ni balaa. Akikua wanamwogopa, ndugu wanamnyima urithi, anaondoka na mbwa zake na uganga wake, anawinda nguruwe wanaoharibu mashamba ya watu. Usambara anagawa nyama bila kubagua. Usiku mmoja anaua simba, na tangu hapo mfalme wa Washambaa anasalimiwa Simba Mwene.

Hebu itazame hiyo. Mtoto mwenye alama ya kuzaliwa nayo, jamii inamkataa, ana uwezo ambao wengine hawana, anautumia kuwaokoa watu wasio wa kwake, anapata jina jipya. Wachoraji wa Marekani walimtoa Spider-Man kwa mara ya kwanza mwaka 1962, na mwaka huohuo Habari za Wakilindi ilitoka upya kama kitabu kimoja, imehaririwa na J.W.T. Allen. Ni sadfa tu, najua, lakini inanichekesha.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi Usambara miaka ya 1960, alikuta Mbegha anasimuliwa kwa namna nyingi, mzee huyu hivi, mzee yule vile. Mwalimu wangu angesema mmoja wao anaiga. Kumbe ndivyo shujaa anavyoishi, kila kijiji kinamvuta kwake.

Kuna sehemu moja ya kisa hicho ambayo nilipoisoma chuoni niliifunga kompyuta nikatoka nje. Kabla ya kufika Usambara, Mbegha anafanya urafiki na mtoto wa mtawala wa Kilindi, wanawinda pamoja. Siku moja nguruwe anamuua yule kijana, na Mbegha, mwindaji asiye na mfano, yuko palepale na hakuweza kitu. Anakimbia kwa hofu ya kulipiziwa. Yaani ufalme wote wa Wakilindi unaanzia siku ambayo shujaa alishindwa kumwokoa rafiki yake. Na Liongo wa pwani ya kaskazini, ambaye hakuna silaha iliyomwingia, aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Wazee wetu hawakuwa na sheria ya steringi hafi. Sheria hiyo ilikuja na jenereta.

Hilo rafiki yangu alikuwa ameniambia kabla sijasoma kitabu chochote. Toleo la pili, ukurasa wa tisa hadi wa kumi na moja, niliandika kama alivyotaka. Spider-Man anasikia ukelele, anaruka, mlingoti mmoja unakatika kwa sababu ni mkavu, anaanguka, anakimbia kwa miguu, anakuta watu wamejaa na mashine imezimwa. Hafanyi lolote. Anawasaidia kubeba. Hiyo alikubali kuichora. Picha ya mwisho inamwonyesha Spider-Man ameketi kwenye benchi nje ya zahanati, kinyago kiko mapajani, na pembeni yake mzee aliyefungwa bandeji.

Jumapili nililichukua daftari nikaenda kwao. Rafiki yangu sasa anachora mabango ya maduka na mkia wa pikipiki za watu. Aliicheka ile picha mpaka akakohoa, hasa miguu ya Spider-Man, inayofanana na ya kuku. Baba yake alikuwa ametandika mkeka chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza tunacheka nini. Tukampa.

Mzee hakuwahi kuliona daftari lile. Alilishika kwa mkono wa kushoto, akaliweka juu ya goti, akafunua ukurasa mmoja mmoja kwa kidole gumba, bila haraka. Ukurasa wa nne aliusoma, akaguna, akapita. Alipofika kwenye benchi la zahanati alikaa nao muda mrefu.

"Mkono mmekosea," akasema.

Tukainama kutazama. Ni kweli. Mzee wa kwenye picha amekatika mkono wa kushoto. Ukimchora mtu anayekutazama, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, na mchoraji wa miaka kumi na miwili hakulijua hilo, wala mimi sikuliona kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Kamletee peni," mzee akaniambia, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Arekebishe."