Jamaa Yetu Chini ya Mashua

Leo nakupeleka baharini.

Mashua inapopandishwa pwani ili isafishwe, chini yake hukutwa vifuko laini vimeng'ang'ania mbao. Ukikibonyeza kimoja, kinakurushia maji usoni. Siku moja nilimwuliza fundi aliyekuwa akivikwangua, "Mzee, hiki ni kitu gani?" Akanijibu bila kuinua uso: "Uchafu wa bahari, mwanangu."

Nikaamini. Kumbe wenye elimu zao nao walihangaika na kiumbe huyu kwa zaidi ya miaka 2,000!

Wataalamu humwita asidia. Aristotle wa Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo, alimweka pamoja na wanyama wenye magamba kama chaza. Linnaeus wa Sweden, mwaka 1767, akamtia katika fungu la minyoo, fungu ambalo kwake lilikuwa kama jaa: konokono humo, pweza humo. Cuvier wa Ufaransa akamhesabu kuwa ndugu wa chaza asiye na gamba. Mwaka 1816 Lamarck, Mfaransa mwenzake, akamtoa huko na kumpa kundi lake, kwa ajili ya lile vazi linalomfunika mwili. Lakini ukoo wake haukujulikana.

Kosa lilikuwa wapi? Walimpima kwa jinsi alivyo akiwa mzima, amekaa kitako. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky alichapisha habari za makuzi ya asidia tangu yai. Aliona kwamba mtoto wa asidia huogelea kama kiluwiluwi wa chura. Ana mkia, ndani ya mkia mna ufito wa kuukaza, na juu ya ufito mna neva kuu. Hivyo ndivyo unavyoanza mgongo wa samaki, wa ng'ombe, wangu na wako. Baada ya muda mfupi mtoto yule hujibandika jiweni kwa upande wa kichwa, mkia ukanywea, ufito ukatoweka, akabaki mfuko wa kuchuja maji.

Darwin aliitumia habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu. Na mwaka 2006 uchunguzi wa jeni ulionyesha kuwa, kati ya wanyama wote walio hai wasio na uti wa mgongo, kundi la asidia ndilo lililo karibu nasi zaidi.

Nilipokuwa najifunza kazi hii, niliandika habari ya mtu aliyelala kituo cha basi, nikamwita mzururaji. Mhariri akaniuliza swali moja tu: "Alitoka wapi?" Sikuwa na jibu. Niliporudi kuuliza, nikaambiwa alikuwa mwalimu wa shule, aliyefundisha nusu ya mtaa ule kusoma.

Habari ile ilitoka na jina lake. Na mimi nikipita pwani siku hizi, lile neno uchafu silitamki.