Cheti Kinachoishia Kwenye Mita: Ukaguzi wa Nyaya za Nyumbani Kisumu

Nyaya za nyumba ya kawaida mjini Kisumu hupimwa rasmi mara moja, kabla ya mita kufungwa. Fundi mwenye leseni hujaza cheti cha kukamilika kwa kazi, hutia sahihi, na cheti hicho huambatanishwa na ombi la mteja kwa kampuni ya umeme. Soketi itakayoongezwa jikoni mwaka unaofuata, swichi itakayohamishwa au taa itakayopachikwa getini kwa kawaida haitapata karatasi yoyote. Desturi hii ni ya tangu zamani, na haikuanzishwa na mafundi. Umeme uliingia Kenya kama biashara, na kampuni iliyouuza ilikagua kile kilichogusa laini yake.

Biashara hiyo ilianza mwaka 1908 kwa kampuni mbili, moja Mombasa na nyingine Nairobi. Mwaka 1922 ziliungana na kuwa East African Power and Lighting, ambayo ilibadilishwa jina mwaka 1983 na kuwa Kenya Power and Lighting. Biashara hiyo ilipoanza, Kisumu ilikuwa tayari mji wa mvuke. Meli ya William Mackinnon ilikuwa imeunganishwa ufuoni na kushushwa majini mwaka 1900, na reli ikafika Port Florence, jina la mwanzo la mji, Desemba 1901. Neno stima lenyewe lilitoka kwenye mvuke huo. Lilitaja meli kabla ya kutaja umeme.

Pamoja na mitambo zilikuja kanuni za Uingereza. Wahandisi wa London walikuwa wameandika kanuni zao za kwanza za kutandaza nyaya mwaka 1882, na shabaha waliyoitaja ilikuwa kuzuia hatari ya moto inayoletwa na taa za umeme. Kifaa cha kupimia kilifuata. Jina Megger lilisajiliwa mwaka 1903 kwa kipimo cha mkono chenye kishikio cha kuzungusha, ambacho kilisukuma volti mia kadhaa ndani ya waya ili kuonyesha kama kihami chake bado kinashika. Mafundi wa Kenya bado huita upimaji huo kwa jina la kifaa, hata wanapotumia cha betri.

Kipimo hicho kilikuwa na kazi kubwa katika joto la ziwa. Nyaya za zamani zilivikwa mpira uliofunikwa kwa uzi wa pamba. Chini ya paa la mabati mpira hukauka, hupasuka na kudondoka vipande mtu anapougusa. Plastiki ya PVC, iliyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilipunguza tatizo hilo. Plagi nazo zilibadilika: za miguu ya mviringo ziliondoka polepole, zikaja za miguu ya mstatili zenye fyuzi ndani, za kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947. Kenya inazitumia hadi leo kwenye volti 240.

Vipimo vyenyewe vinastahili kuelezwa, maana ndivyo vinavyotenganisha cheti cha kweli na sahihi tupu. Kwanza umeme ukiwa umezimwa, fundi huhakikisha kila waya haujakatika njiani, hasa waya wa ardhi. Kisha hupima kihami kwa volti 500. Toleo la mwaka 2008 la kanuni za Uingereza lilipandisha kiwango cha chini kinachokubalika kutoka megaomu 0.5 hadi megaomu 1. Hatimaye huangalia kama swichi imekata waya wa moto. Kosa hapa halionekani kwa macho. Swichi ikiwekwa kwenye waya wa nyutro, taa itawaka na kuzimika kama kawaida, lakini holda itabaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa, na anayepanda kiti kubadilisha balbu hana dalili yoyote ya hatari. Umeme ukishawashwa hupimwa njia ya ardhi, na kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwa soketi za nyumbani hutakiwa kuruka kwa miliampia 30.

Njia ya ardhi ndiyo inayomsumbua zaidi fundi wa kandokando ya ziwa. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano hushika maji na kupitisha umeme vizuri wakati wa masika, lakini kiangazi hupasuka na kuachana na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Seme, nchi ya mawe makubwa ya Kit Mikayi, fimbo hugonga mwamba kabla haijazama. Kipimo kilichochukuliwa Aprili hakisemi kitu kuhusu Februari. Zaidi ya hayo, bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi mno duniani.

Vipimo hivi vilihusu tu nyumba zilizofikiwa na laini. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, Uganda, mwaka 1954, na baadaye Kenya ikaanza kununua umeme wake kupitia laini ya Tororo hadi Nairobi. Ndani ya Kisumu, hata hivyo, nyaya zilifuata ramani ya kikoloni: Milimani, maduka ya Wahindi, ofisi na reli. Nyalenda, Manyatta na Obunga ziliendelea kwa koroboi miaka mingi.

Walipopatikana wateja wapya, walihitajika mafundi wapya. Sheria ya Mafunzo ya Viwanda ya mwaka 1959 iliweka msingi wa majaribio ya ufundi ya serikali, daraja la III hadi la I, na Kisumu ikapata kituo chake cha mafunzo ya viwanda, ambacho leo kiko chini ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda. Kufaulu jaribio hakukumpa mtu ruhusa ya kutia sahihi cheti. Kwa hilo alihitaji leseni. Bodi ya kudhibiti umeme iliyoundwa na sheria ya mwaka 1997 ilifuatwa na tume ya mwaka 2006, kisha EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Leseni zina madaraja: A1 iko juu, na C2 ni ya kazi ndogo za fezi moja. Mafundi wa sola walipata kanuni zao mwaka 2012, jambo la maana kwa visiwa ambako laini haijafika.

Mradi wa serikali wa kusambaza umeme majumbani, Last Mile, wa mwaka 2015 ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Familia isiyoweza kulipia nyaya ilipewa ubao uliotayarishwa kiwandani, wenye swichi ya kukata umeme, soketi na holda ya balbu. Hii ndiyo kazi ndogo kabisa ya umeme wa nyumbani, na ilikuwa busara, kwa kuwa ubao huja ukiwa umekamilika. Udhaifu hujitokeza chumba cha pili kinapohitaji taa.

Katika ploti za kupangisha hatari ni kubwa zaidi. Mita moja ya mwenye nyumba hulisha vyumba vingi, na kila mpangaji huongeza chake. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 huvuta ampia 23 hivi. Ikiunganishwa na waya wa soketi uliokwisha kubeba mizigo mingine, plastiki hulainika ndani ya ukuta bila mtu kuona. Uingereza, ilikotoka kanuni hizi, ina cheti maalumu cha kazi ndogo, na tangu mwaka 2005 Uingereza na Wales zimeziweka kazi za umeme wa nyumbani chini ya sheria ya ujenzi. Kisumu ilirithi kipimo cha siku ya kwanza bila karatasi ya siku zinazofuata. Pengo hilo linaweza kuzibwa na mwenye nyumba mwenyewe: orodha ya mafundi wenye leseni hutolewa na EPRA, na anayeongeza hata soketi moja amtake fundi aandike kipimo cha kihami, cha waya wa ardhi na cha swichi, kisha karatasi hiyo aihifadhi pamoja na cheti cha kwanza.