Utomvu wa Papai na Rangi ya Zambarau

Ukitoka Komanda, katika teritware ya Irumu, mashariki mwa Kongo, ukashika barabara ya kusini kupita Luna na Eringeti hadi Beni, unaingia nchi ya papaini. Asubuhi na mapema, mkulima huchanja papai bichi kwa wembe. Utomvu mweupe kama maziwa hudondokea kitambaa kilichotandazwa chini ya matunda, huganda, kisha hukaushwa na kuuzwa ng'ambo. Kazi hiyo inataka uangalifu, kwani utomvu huo huvunja protini, na ngozi ya vidole ni protini.

Huko uendako, papaini, kimeng'enya kilichomo ndani ya utomvu huo, hulainisha nyama na kung'arisha bia. Ina kazi nyingine isiyotajwa sana: kupima triptofani, asidi amino ambayo mwili hauwezi kuiunda na lazima ipatikane kwenye chakula. Mahindi yana kidogo tu. Kuipima kuliwatesa wanakemia, kwa sababu protini ikichemshwa katika asidi kali, kama ilivyo desturi, triptofani yenyewe huharibika.

Habari ya triptofani ilianzia kwenye jaribio lililogoma. Katika darasa moja la Cambridge, karibu na mwaka 1900, mwanafunzi John Mellanby alichanganya protini, asidi asetiki na asidi salfuriki, akangoja rangi ya zambarau. Haikutokea. Mwalimu wake, Frederick Gowland Hopkins, akalifuatilia jambo hilo hadi akagundua kwamba rangi huletwa na uchafu kidogo tu ndani ya asidi asetiki, yaani asidi glioksiliki. Chupa ya Mellanby ilikuwa safi kupita kiasi! Mwaka 1901 Hopkins na Sydney Cole wakaitenga triptofani, ile sehemu ya protini inayotoa zambarau ikikutana na asidi hiyo.

Zambarau hiyo ikarudi kwenye mahindi. Mwaka 1964 Edwin Mertz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza mahindi yenye asidi amino nyingine, lisini, kwa wingi; triptofani nayo ilikuwa imezidi. Ila punje zake zilikuwa laini, fukusi wakazishambulia. Huko Mexico, mkemia Evangelina Villegas na mtaalamu wa mbegu Surinder Vasal walihangaika nazo miaka mingi. Unga wa punje ulilazwa usiku kucha katika papaini yenye joto, ambayo huivunja protini bila kuiharibu triptofani. Asubuhi ukatiwa asidi na kloridi ya chuma. Rangi ikikolea, mbegu inabaki. Ikififia, inaachwa. Mahindi ya kawaida hutoa triptofani kama asilimia 0.4 ya protini yake. Waliyoyatafuta yalikaribia mara mbili. Mwaka 2000 wote wawili walipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Mwaka huohuo, ng'ambo ya Ziwa Albert kutoka Irumu, Uganda ilitoa mbegu ya mahindi ya aina hiyo, Longe 5, ambayo wakulima waliita Nalongo. Ikipandwa kando ya mahindi ya kawaida, chavua ya shamba la jirani huipunguzia ubora, wala jicho halioni tofauti. Atakayetaka uhakika itabidi asage punje, aulaze unga kwenye papaini, asubiri kukuche.