Masaku na Machakos: Matamshi ya Nani Ndiyo Kosa?

Walimu wa Kiingereza wa Machakos walijua vema tatizo la kuchanganya maneno yanayokaribiana kwa sauti. Mwanafunzi ataka kutaja mchele, "rice", naye hutamka "lice", yaani chawa. Darasa zima likacheka. Sababu yake si uzembe. Kikamba hakina sauti r, bali kina l. Vilevile b na d hazisimami humo peke yake, bali hutanguliwa na sauti ya puani. Ndipo "bus" la Kiingereza likawa mbasi. Kila mtu huipokea lugha ya pili kwa sikio lililolelewa na lugha yake ya kwanza.

Hata hivyo, jina la mji wenyewe latulazimu tuulize ni matamshi ya nani yaitwayo kosa. Mji huu watokana na jina la Masaku, kiongozi wa Wakamba. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati mwaka 1888, ilifungua kituo hapo mwaka 1889. Na mwaka 1892 John Ainsworth alikuja kukisimamia. Katika maandishi ya Kiingereza ya miaka hiyo, s ya Masaku imekuwa ch, u imekuwa o, na mwishoni imeongezwa s, ambayo mara nyingi hutanguliwa na ritifaa. Alama hiyo yaonyesha kwamba s ile ilikuwa ya umilikaji: mahali pa Machako. Baadaye ritifaa iliachwa, s ikabaki. Hakuna afisa aliyechekwa kwa ajili hiyo. Ramani zilifuata maandishi yake, ilhali Wakamba wangali wanauita mji Masaku.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, akauona mlima wenye theluji. Wakikuyu huuita Kirinyaga, Wakamba, Kiinyaa. Palipo na r na g kwa Wakikuyu, Wakamba hawatamki konsonanti yoyote. Krapf aliandika alivyosikia kwa wenyeji wake: Kegnia, na pengine Kenia. Mwaka 1920 koloni zima lilipewa jina la mlima huo. Waingereza wengi walizoea kulitamka "Kiinya", na baada ya Uhuru wa 1963 matamshi yenye e ndiyo yaliyoenea. Basi nchi nzima yaitwa kwa jina lililopita katika kinywa cha Mkamba, na ile r ambayo mtoto wa Machakos alirudiwa kwa kukosa kuitamka haimo katika jina la nchi yake.

Hatusemi kwamba mwalimu asisahihishe. Mchele si chawa, na mwanafunzi ana haki ya kueleweka aongeapo na wageni. Tunalosema ni kwamba sikio la Krapf, la maafisa wa Kampuni na la mtoto wa shule yalifuata kanuni moja. Tofauti ilikuwa katika mamlaka: mmoja alishika kalamu, mwingine alisimama mbele ya darasa. Mwalimu aijuaye fonolojia ya Kikamba aweza kumweleza mwanafunzi kosa limetoka wapi, wala hatahitaji kumwaibisha.